Farumi ya Trekta: Uzito Unaolilinda Lisiinuke wala Lisipinduke

Trekta ni mashine yenye nguvu nyingi, na mkulima anayelinunua au kulikodi hutazama kwanza nguvu za injini yake. Ni wachache wanaotazama uzito wa trekta na mahali uzito huo ulipokaa. Walakini injini, hata ikiwa na nguvu namna gani, haiwezi kuvuta plau ikiwa magurudumu ya nyuma hayashiki udongo. Na dereva, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuligeuza trekta ambalo magurudumu yake ya mbele hayakanyagi chini. Mambo haya mawili, kushika udongo na kutii usukani, hutegemea uzito.

Zana zinazofungwa katika trekta ni nyingi na nyingine ni nzito sana. Kuna plau za sahani tatu au nne, haro, mashine za kupandia zenye masanduku ya mbegu na mbolea, matangi ya dawa, na mabeleshi makubwa ya mbele ya kupakilia samadi na mchanga. Zana hizo zote aghalabu hufungwa katika trekta lile lile moja, na kila moja hubadili namna uzito unavyokaa. Ndiyo sababu watengenezaji huuza pamoja na trekta vyuma vya uzito, na vitabu vyao hueleza namna ya kuvifunga. Lakini katika mashamba mengi vyuma hivyo vimelala ghalani chini ya magunia, au havikununuliwa kabisa. Inafaa basi kila mwenye trekta, na kila dereva, ajue kazi ya vyuma hivyo, mahali pa kuvifunga, kiasi kinachotosha, na wakati wa kuviondoa.

NENO LA MABAHARIA

Watu wa pwani wanalo neno la kale linalofaa sana katika jambo hili. Jahazi likiwa halina shehena huelea juu mno, na upepo ukilipiga tanga kwa nguvu laweza kulala ubavu. Kwa hiyo nahodha hutia mawe au mchanga chini kabisa ndani ya chombo ili kitulie majini. Uzito huo huitwa farumi. Farumi si shehena, wala haiuzwi huko chombo kiendako. Kazi yake ni kukiweka chombo sawasawa. Shehena ikipatikana, farumi hupunguzwa au kutolewa.

Farumi ya trekta ni hivyo hivyo. Ni uzito unaoongezwa kwa makusudi, mahali maalumu, kwa kazi maalumu, na kazi ikibadilika uzito nao hubadilishwa.

MFANO WA MZEGA

Mtu anayetaka kuelewa jambo hili na amtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega begani. Ndoo moja iko mbele na moja iko nyuma. Maadamu ndoo zinalingana, mti hutulia na mchukuzi huenda bila taabu. Ndoo ya mbele ikipungua maji, ya nyuma huushusha mti upande wake. Tena, ndoo ndogo iliyotundikwa mwisho kabisa wa mti huweza kushindana na ndoo kubwa iliyo karibu na bega. Si uzito peke yake unaopima, bali uzito pamoja na umbali wake kutoka begani. Hii ndiyo kanuni ya wenzo, na ndiyo inayotawala mizani ya dukani na trekta la shambani.

Katika trekta, bega ni ekseli ya nyuma. Mbele ya bega kuna injini na magurudumu madogo. Nyuma ya bega huning'inia zana katika mikono mitatu ya kuinulia. Kadiri zana ilivyo nzito, na kadiri inavyotokeza nyuma zaidi, ndivyo pua ya trekta inavyokuwa nyepesi.

HESABU YA MIZANI

Uchukuliwe mfano wa trekta lenye uzito wa kilo 1,800, ambalo umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni meta 2. Likiwa tupu, kilo 600 hukaa juu ya magurudumu ya mbele na kilo 1,200 juu ya magurudumu ya nyuma. Sasa ifungwe plau ya kilo 500, na katikati ya uzito wake pawe meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma.

Plau ikiinuliwa, hesabu huenda hivi. Kilo 500 mara meta 1.2 ni 600. Hiyo 600 ikigawanywa kwa meta 2 zilizo kati ya ekseli mbili, hupatikana 300. Maana yake ni kwamba plau imeondoa kilo 300 katika magurudumu ya mbele, na uliobaki huko ni nusu tu ya uzito wa kwanza. Magurudumu ya nyuma nayo hayakuongezewa zile kilo 500 za plau peke yake. Yameongezewa kilo 800, kwa kuwa yamechukua pia zile zilizotoka mbele.

Vitabu vya watengenezaji wengi hutaka kwamba uzito unaobaki juu ya magurudumu ya mbele usipungue sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta tupu. Chini ya hapo usukani hautegemewi tena. Sehemu ya tano ya kilo 1,800 ni kilo 360. Trekta la mfano lina kilo 300 tu mbele, kwa hiyo limepungukiwa na kilo 60.

Hapo ndipo vyuma vya uzito vinapohitajika. Vikitundikwa puani, nusu meta mbele ya ekseli ya mbele, vinakuwa meta 2.5 kutoka kwenye bega la mzega. Kwa sababu ya umbali huo kila kilo moja ya chuma hukandamiza magurudumu ya mbele kama kilo moja na robo. Vyuma viwili vya kilo 25 kila kimoja, yaani kilo 50, huongeza mbele kilo 62 na nusu, na kipungufu huzibwa. Lakini hicho ni kiasi cha chini kabisa, tena katika ardhi tambarare. Shambani mna mashimo na vichuguu, na plau iliyoinuliwa hurukaruka. Kila inaporuka huvuta pua juu kwa nguvu zaidi ya uzito wake. Dereva mwenye busara ataongeza vyuma viwili vingine, maadamu kitabu cha trekta lake kinaruhusu.

Asiyeweza kufanya hesabu hii anaweza kutumia mizani ya magari, kama zile zilizoko kwenye viwanda vya sukari. Trekta lipimwe kwanza likiwa tupu. Kisha zana ifungwe na kuinuliwa, na magurudumu ya mbele peke yake yapandishwe juu ya mizani. Nambari itakayoonekana ilinganishwe na sehemu ya tano ya uzito wa kwanza.

PLAU IKIWA UDONGONI NA PLAU IKIWA JUU

Baadhi ya madereva husema kwamba wamelima miaka mingi bila vyuma vya mbele na pua haikuinuka. Maneno yao ni ya kweli kwa sehemu, na sababu yake inapatikana katika historia ya trekta lenyewe.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, matrekta ya Fordson yalianza kutengenezwa Marekani, na mengi yakapelekwa Uingereza ili kuongeza chakula. Yalikuwa mepesi na ya bei nafuu, lakini yalikuwa na ila moja mbaya. Plau zilikokotwa nyuma yake kama mkokoteni. Plau ilipogonga jiwe au kisiki na kukwama, injini iliendelea kusukuma, na kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayakuweza kwenda mbele, mwili wa trekta uliinuka na kumpindukia dereva. Watu walipoteza maisha kwa njia hiyo.

Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa Ireland mwaka 1884, alitumia miaka mingi kutafuta dawa ya ila hiyo. Alibuni namna ya kuifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ikainuliwa na kushushwa kwa nguvu za mafuta ya mashine. Plau ikiwa ndani ya udongo, upinzani wa udongo hujaribu kuisukuma juu ya plau ielekee mbele. Mkono wa juu hupokea msukumo huo na kuukandamiza mwili wa trekta. Hivyo plau yenyewe huzuia pua isiinuke, na wakati huo huo huongeza uzito juu ya magurudumu ya nyuma ili yashike vema. Kwa njia hii trekta jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta zito. Trekta dogo la Ferguson, lililojulikana kwa jina la TE20, lilitengenezwa Coventry kuanzia mwaka 1946 hadi mwaka 1956, na zaidi ya 500,000 yaliuzwa. Mikono mitatu imekuwa desturi ya matrekta ya ulimwengu mzima.

Lakini msaada huo upo wakati plau inapokata udongo. Dereva afikapo mwisho wa shamba akaiinua ili ageuze, udongo hausukumi tena, na kilo zote za plau huning'inia nyuma kama ndoo ya mzega. Hali ni hiyo hiyo njiani, trekta linapotoka shamba moja kwenda jingine, na hasa linapopanda kilima. Dereva aliyelima siku nzima kwa salama anaweza kupata ajali jioni akirudi nyumbani, plau ikiwa imeinuliwa na yeye akidhani kwamba kazi ya hatari imekwisha.

NAMNA TATU ZA FARUMI

Farumi ya kwanza ni vyuma vya puani. Hivi hutundikwa mmoja mmoja katika kishikizo kilichofungwa mbele ya trekta, na aghalabu kimoja huwa na kilo 20 hadi 50. Kazi yake ni kushindana na zana iliyo nyuma. Yapasa vifungwe kwa bolti yake iliyopita katika vyuma vyote, ili kimoja kisiruke njiani.

Farumi ya pili ni vyuma vya mviringo vinavyofungwa katika magurudumu ya nyuma. Kazi yake ni kuyafanya magurudumu yashike udongo katika kazi ya kukokota, kama kuvuta haro nzito au trela la miwa.

Farumi ya tatu ni maji ndani ya matairi ya nyuma. Hii ndiyo farumi ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tairi la nyuma la trekta la wastani laweza kuchukua zaidi ya lita 100. Gurudumu huinuliwa kwa jeki na kuzungushwa mpaka valvu ije juu kabisa, kisha maji hutiwa mpaka yafike usawa wa valvu. Hapo tairi litakuwa limejaa robo tatu. Robo iliyobaki ni ya upepo, na haifai kuijaza maji. Upepo huminyika tairi linapopiga jiwe, lakini maji hayaminyiki. Tairi lililojaa maji pote huwa gumu kama gogo, na kishindo chote huingia katika tairi na ekseli. Matairi yote mawili yatiwe kiasi sawa. Katika nchi za barafu wakulima huchanganya maji na chumvi ya kalisi ili yasigande, lakini chumvi hiyo hula chuma cha gurudumu ikivuja. Katika mashamba yenye joto maji matupu hutosha.

Maji yana faida nyingine. Hukaa chini, karibu na ardhi, na kwa hiyo huteremsha katikati ya uzito wa trekta zima, likawa gumu zaidi kupinduka ubavu.

KOSA LINALOONEKANA MARA NYINGI

Ni lazima kufahamu tofauti ya kazi za farumi hizi. Maji na vyuma vya magurudumu ya nyuma vimekaa pale pale begani mwa mzega. Havivuti mti mbele wala nyuma, kwa hiyo haviwezi kuizuia pua isiinuke. Tena vyaweza kuongeza hatari. Trekta lenye magurudumu mepesi likikwama, magurudumu huzunguka bure na kuchimba shimo. Lenye magurudumu mazito hushika sana, na nguvu ya injini isipopata njia ya kwenda mbele huinua pua. Kwa hiyo anayeongeza uzito katika magurudumu ya nyuma kwa kazi ya kukokota hana budi kufikiri pia juu ya uzito wa puani.

Kosa jingine ni kumfanya mtu awe farumi. Huonekana mara nyingine utingo ameketi juu ya boneti ili pua isiinuke, au vijana wawili wamesimama juu ya plau ili iingie katika udongo mgumu. Pua ikishuka ghafula, au sahani zikigonga mzizi, mtu huyo huanguka mbele ya gurudumu au chini ya sahani, na dereva hana nafasi ya kusimamisha. Chuma cha kilo 25 kikianguka huokotwa. Mwenye shamba asiruhusu jambo hili hata siku moja, wala dereva asilikubali hata akishurutishwa.

BELESHI LA MBELE

Trekta lililofungwa beleshi la mbele ni mzega uliogeuzwa. Sasa mzigo uko mbele, na bega limekuwa ekseli ya mbele. Beleshi likijaa mchanga na kuinuliwa, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, nayo katika matrekta mengi ndiyo yenye breki. Dereva akishuka mteremko mzigo ukiwa juu, huenda akakanyaga breki na magurudumu yakaserereka bila kushika.

Dawa yake ni uzito wa nyuma, nyuma ya ekseli, katika mikono mitatu. Plau au haro iliyoinuliwa yaweza kufanya kazi hiyo. Wengine hutengeneza sanduku la chuma na kulijaza zege. Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo nusu ya pipa la lita 200 likijazwa zege huwa na kilo 240. Uzito kama huo hauna budi kufungwa kwa pini imara katika mikono yote mitatu. Haifai kuuning'iniza kwa minyororo au waya, kwa kuwa utapembea na kulivuta trekta huku na huku. Vyuma vya puani viondolewe wakati huo, maana ekseli ya mbele ina mzigo wa kutosha. Beleshi lenyewe libebwe chini wakati wa kwenda, liinuliwe tu mahali pa kumwaga.

KIASI KINACHOTOSHA

Baadhi ya watu hudhani kwamba kadiri trekta lilivyo zito ndivyo litakavyofanya kazi nzuri. Haiwi hivyo. Uzito usiohitajika huteketeza dizeli, hula matairi, huchosha gia na ekseli, na hushindilia udongo. Ubaya wa mwisho ndio unaodumu. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Mwea na wa tambarare za Kano, ukikanyagwa na trekta zito ungali umelowa, hufanya tabaka gumu chini. Maji ya mvua hayapenyi na mizizi ya mahindi haishuki. Hasara hiyo huonekana katika mavuno ya msimu unaofuata, wakati ambapo hakuna anayekumbuka vyuma vya uzito.

Kiasi kinachotosha hupimwa kwa njia rahisi isiyohitaji chombo chochote ila chokaa. Gurudumu la nyuma hutiwa alama ya chokaa ubavuni. Trekta hulima kama kawaida, na mtu aliyesimama mbali kando huhesabu mpaka gurudumu lizunguke mara 10, akaweka kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Kisha trekta hupita mwendo ule ule, kutoka kijiti hadi kijiti, plau ikiwa imeinuliwa, na gurudumu huhesabiwa tena. Likizunguka mara 9, magurudumu yalikuwa yakiteleza sehemu 10 katika 100. Likizunguka mara 8 na nusu, yaliteleza sehemu 15 katika 100. Kati ya nambari hizo mbili uzito unafaa katika udongo ulioshikana. Likizunguka mara 7 na nusu tu, robo ya mwendo wa magurudumu ilipotea bure, na dizeli pamoja nayo. Uzito uongezwe, au mzigo upunguzwe kwa kuinua plau kidogo. Likizunguka mara 9 na nusu au zaidi, trekta ni zito kupita haja na lapaswa kupunguzwa.

Hata alama za matairi hueleza. Meno ya tairi yakiacha alama iliyofutika kabisa, tairi linateleza mno. Alama ikiwa kali na safi kama muhuri, uzito umezidi. Alama nzuri ni ile inayoonekana pembeni, lakini katikati udongo umevurugika kidogo.

Katika matrekta yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, magurudumu ya mbele nayo hukokota, kwa hiyo yanahitaji uzito mkubwa zaidi, karibu sehemu 40 katika 100 za uzito wote. Dereva aliyezoea trekta la magurudumu mawili asichukue hesabu ya huko akaileta huku.

MITEREMKO

Ekseli ya mbele ya matrekta mengi haikufungwa imara pande zote mbili. Imeshikwa kwa pini moja katikati ili ifuate mabonde ya shamba. Kwa sababu hiyo trekta halisimami juu ya miguu minne kama meza, bali juu ya miguu mitatu kama kigoda: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Katikati ya uzito pakitoka nje ya pembetatu hiyo, trekta hupinduka ubavu.

Farumi iliyokaa chini, kama maji ya matairi, husaidia. Kupanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma husaidia zaidi. Mzigo ulioinuliwa juu huharibu yote mawili. Kwa hiyo anayefanya kazi katika miteremko ya Murang'a au Kisii apanue magurudumu, abebe zana chini kiasi kwamba isiguse tu, na apunguze mwendo kabla ya kukata kona.

MAMBO AMBAYO FARUMI HAIWEZI

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Ajali nyingi za trekta zina kinga, lakini farumi ni sehemu moja tu ya kinga hiyo.

Farumi haiwezi kumwokoa dereva anayefunga mnyororo mahali pabaya. Anayevuta gogo au kisiki na afunge mnyororo katika chuma cha kukokotea kilicho chini, kamwe asiufunge katika ekseli wala katika mkono wa juu. Ukifungwa juu ya usawa wa ekseli, mvuto wote huwa wa kuipindua pua. Trekta likikwama matopeni, lirudishwe kinyumenyume au livutwe na jingine. Kufunga magogo katika magurudumu ya nyuma ili lijitoe lenyewe ni kujiua, maana pua inaweza kuinuka na trekta kupinduka katika muda usiofika sekunde mbili. Hakuna dereva mwepesi wa kukanyaga klachi kwa haraka hiyo.

Katika kilima kikali, mwenye zana nzito nyuma na apande kinyumenyume, ili mzigo uwe upande wa juu. Klachi iachiliwe polepole. Njiani kanyagio mbili za breki zifungwe pamoja. Dereva anayegeuza trekta kwa kukanyaga breki ya upande mmoja kwa sababu usukani hautii amekwisha kupata onyo kwamba pua ni nyepesi. Asimame akaongeze vyuma.

Tena kuna kinga ya mwisho, nayo ni upinde wa chuma juu ya kiti. Mwaka 1959 Uswidi iliweka sheria kwamba kila trekta jipya liwe na kinga hiyo, na vifo vya kupinduka vilipungua sana katika miaka iliyofuata. Upinde huo hauzuii trekta kupinduka, lakini huacha nafasi ya uhai chini yake. Trekta lenye upinde liwe na mkanda, na mkanda ufungwe, ili dereva asitupwe nje ya nafasi hiyo. Matrekta mengi ya zamani yaliyouzwa bila upinde yangali yakilima. Mwenye trekta kama hilo na amwulize mwuzaji wa trekta au afisa wa kilimo wa mahali pake habari za upinde uliotengenezwa kwa kipimo cha trekta lake, kwa maana mabomba yaliyounganishwa na fundi wa njiani hayawezi kubeba uzito wa trekta.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Kazi yote iliyoelezwa hapa huchukua muda mfupi asubuhi. Dereva afunge zana na kuiinua, kisha atazame magurudumu ya mbele: je, yamekanyaga sawasawa, au matairi yamesimama kama yasiyo na mzigo? Aende meta chache na kugeuza usukani kushoto na kulia. Pua ikichelewa kutii, aongeze vyuma. Akague bolti za vyuma, pini za mikono mitatu, na upepo wa matairi. Atazame kama kuna mtu aliyepanda mahali pasipo kiti, na amteremshe.

Jioni, au zana inapobadilishwa, vyuma visivyohitajika viondolewe na kupangwa ghalani mahali pakavu, mbali na miguu ya watoto. Mwenye trekta la kukodisha, ambalo leo hulima kwa huyu na kesho hubeba mchanga kwa yule, na aandike katika karatasi moja zana zote alizo nazo na idadi ya vyuma vinavyotakiwa kwa kila moja, akaibandike ndani ya kisanduku cha spana. Dereva mgeni akikabidhiwa trekta hilo, ataikuta karatasi kabla hajaliwasha.